Pangoni Wamejaa: Nani Atakuwa Mkuu Wao?

Neno la msingi: 1 Samweli 22:1–2

Wapendwa wa Bariadi na Itilima, wa Maswa, Meatu na Busega.

Ukienda mikoa ya mbali ukasema kwenu ni Bariadi, hukawii kuulizwa habari za Gamboshi. Watu wasiowahi kukanyaga Dutwa wala Nkololo wanalijua jina la kijiji hicho kimoja, nao hulitamka kwa woga wa uchawi. Leo sibishani nao. Ninalo linalonitisha kuliko hadithi zote za usiku, nalo linatendeka mchana kweupe. Kijana wa miaka kumi na sita amekaa stendi tangu asubuhi. Mkononi ana mkeka wa kubeti, mfukoni ana chupa ndogo ya pombe kali, na nyumbani hakuna wa kumuuliza jana alilala wapi. Tunapita karibu naye, Biblia kwapani. Baba yake tunamjua. Hata jina lake la utotoni tunalijua. Tunapita.

Ndugu zangu, neno la leo ni letu sisi tunaopita.

Watu mia nne

Daudi alikuwa amekwisha kutiwa mafuta na Samweli. Alikuwa amemwangusha Goliathi, na wanawake wa Israeli wamemwimba. Kisha Sauli akamwinda. Akakimbilia Gathi, akajifanya mwenda wazimu ili aokoe roho yake, na mwisho akajificha katika pango la Adulamu. Hapo Maandiko yanasimulia jambo la ajabu: watu wakaanza kumwendea. Waliokuja hawakuwa wazee wa baraza wala wenye mifugo mingi. Walikuwa wenye dhiki, wenye kudaiwa, na wenye uchungu moyoni. Wakafika watu kama mia nne, naye akawa mkuu wao.

Rudia aina hizo tatu za watu, kisha uniambie kama hujaziona katika mkoa huu.

Wenye dhiki. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikitoka Shinyanga, na sensa ya 2022 ilitukuta tumevuka milioni mbili, wengi wakiwa watoto na vijana. Miongoni mwao wapo walioachwa kwa bibi siku wazazi walipohama na ng'ombe kutafuta malisho Katavi, Morogoro au Lindi, wakaahidi kurudi baada ya mavuno. Wapo waliofaulu darasa la saba wakaambiwa wachunge kwanza mwaka mmoja, na mwaka huo haujaisha mpaka leo. Wapo mabinti waliothaminishwa kwa ng'ombe kabla ya kuthaminiwa kwa akili zao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010, wakati wengi wetu tungali Shinyanga, ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 mkoani, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna mkoa uliotuzidi. Sasa fanyeni hesabu, wapendwa. Watoto waliozaliwa na mabinti wale ndio hao leo wenye miaka kumi na tano na kumi na sita. Tunaowashangaa stendi ni wana wa watoto tuliowaoza.

Wenye kudaiwa. Sisi ndio tunaoongoza nchi nzima kwa pamba, nasi tunajua jinsi pamba inavyomwinua mtu na inavyomwangusha. Kijana hupanda Novemba, hupulizia dawa, huvuna, hupeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, na mwaka ambao bei imeshuka hana la kumwambia mkopeshaji. Anachukua pikipiki ya mkataba, na kila jioni sharti apeleke hesabu kwa mwenye chombo, apate abiria asipate. Akikwama, anakopa kausha damu. Ili alipe kausha damu, anabeti. Akiliwa, anakunywa asahau. Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017, na ilifanya vema. Lakini kiu iliyokuwa ikinunua viroba haikuondoka, nayo imekwisha kujipatia chupa nyingine.

Wenye uchungu moyoni. Hawa ndio tunaowaogopa. Yumo kijana aliyekulia kwenye mkwaju wa baba mlevi. Yumo binti aliyezingirwa na kundi la wavulana njiani akitoka mnadani, wakamlazimisha amchague mmoja wao kwa jina la chagulaga, na alipolalamika akaambiwa ni mila. Yumo aliyeburutwa hadharani kwa wizi wa kuku, huku aliyekula fedha za chama akiwekewa kiti cha mbele kanisani. Uchungu wa namna hiyo ukikaa moyoni muda mrefu, mtu huweza kununuliwa. Kwa miaka mingi hapa Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi walipokuwa wakitupikia. Mganga alinyoosha kidole. Jirani, au hata ndugu, alitoa fedha. Na mkono ulioshika panga? Mara nyingi ulikuwa wa kijana aliyekodiwa.

Kijana huyo hakuzaliwa mwuaji. Alikuwa na uchungu, hakuwa na senti, na mtu wa kwanza kumwendea akawa yule mwenye kazi ya damu. Je, sisi tulikuwa tumepanga kumwendea lini?

Kijana hakosi mkuu

Mababu zetu walilijua jambo ambalo kanisa la leo limelisahau. Katika kijiji cha Wasukuma vijana walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale. Ndiye aliyewakusanya kwa kilimo cha pamoja, ndiye aliyesimamia nidhamu yao, ndiye aliyejibu kwa wazee walipokosea. Kijana hakuachwa peke yake katika ile miaka ambayo utoto umemtoka na utu uzima haujamkubali.

Cheo hicho kimefifia, ila kiti chake hakikukaa kitupu hata siku moja. Mwenye mashine za kamari amekikalia. Muuza bangi amekikalia. Mganga anayeuza dawa ya utajiri amekikalia. Mgombea anayewakodi wiki ya kampeni ili wazomee wenzao, kisha asiwajue wiki ya pili, naye amekikalia. Hao ndio basumba batale wa leo, nao hawachoki, hawalali, hawaahirishi kikao.

Vijana watafuata mtu, tupende tusipende. Lililobaki mikononi mwetu ni hili: watakapoingia pangoni wakiwa na dhiki zao na madeni yao, watamkuta nani?

Usingoje ndoto

Najua jibu la wengi, maana ni jibu la heshima. Mtu husema, mimi sina wito. Huo ni wa mchungaji, huo ni wa wale waliosomea ustawi wa jamii, mimi ni mwimbaji tu, mimi ni mama wa nyumbani tu. Wengine wanangoja ndoto. Wengine wanangoja nabii awaite kwa jina mbele ya mkutano.

Ndugu, fungua Mathayo sura ya 9, mwisho wake. Bwana Yesu anawatazama makutano, anawaona wamechoka, wametawanyika, hawana mchungaji, na moyo wake unaungua kwa huruma. Anawaambia wanafunzi wamwombe Mwenye mavuno apeleke watenda kazi. Sasa fungua sura ya 10, mwanzo wake. Anaowatuma ni akina nani? Ni walewale! Walipiga magoti kuwaombea watenda kazi, wakainuka na kukuta majina yanayosomwa ni yao.

Ndivyo wito unavyokuja. Unaanza siku unapomwona kijana na kushindwa kumsahau. Kama kuna jina moja la kijana linalokurudia ukiwa unaomba, kama kuna mtoto wa jirani ambaye kila ukimwona moyo unakuuma, usiende kutafuta ishara nyingine. Mungu amekwisha kusema nawe. Daudi alipakwa mafuta nyumbani kwa Yese, lakini watu aliopakwa mafuta kwa ajili yao alianza kuwaona pangoni. Nawe ulibatizwa, ukawekewa mikono, ukajazwa Roho. Ulidhani ni kwa ajili ya nini?

Nawaletea mashahidi wawili.

Wa kwanza ni jirani yetu wa Kenya, Charles Mulli. Alizaliwa Ukambani, akaachwa na wazazi wake akiwa na miaka sita, akaishi kwa kuombaomba. Akiwa kijana alimpa Kristo maisha yake. Alikwenda Nairobi kwa miguu kutafuta kazi, akaanzia kazi za nyumbani, na miaka ilipopita akawa tajiri wa Eldoret mwenye magari ya abiria na biashara nyingine nyingi. Katikati ya miaka ya 1980 aliegesha gari lake Nairobi. Vijana wa mitaani wakamzunguka wakitaka fedha ili wamlindie. Akawakatalia. Aliporudi, gari halikuwepo. Akapanda basi kurudi kwake, na kilichomkosesha raha tangu siku hiyo hakikuwa gari. Katika nyuso za wale vijana alikuwa ameuona utoto wake mwenyewe. Mwaka 1989 akaziacha biashara zake, akaanza kuwachukua watoto wa mitaani na kuwaleta katika nyumba aliyoishi na mkewe Esther pamoja na watoto wao wanane. Baadaye kazi ikahamia Ndalani, Yatta, kwenye nchi kame. Wakachimba maji, wakapanda miti, wakajenga shule. Maelfu ya watoto wamelelewa na familia hiyo.

Angalieni Mungu alivyomwita: alimwita kwa kuibiwa. Huenda yule kijana aliyekuibia mbuzi, yule aliyekutukana mbele ya wanao, ndiye ambaye kwa njia yake Mungu anakuita leo. Umemchukia vya kutosha. Sasa muulize Bwana ana nini cha kukuambia kumhusu.

Wa pili ni David Wilkerson. Mwaka 1958 alikuwa mchungaji wa kanisa dogo huko Philipsburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Usiku mmoja, saa yake ya maombi, aliona katika gazeti la Life mchoro wa vijana saba walioshtakiwa jijini New York kwa kumwua kijana mwenzao mlemavu. Akaenda. Alipojaribu kumwomba hakimu ruhusa ya kuwaona, alitolewa nje ya mahakama na askari, picha yake ikatoka magazetini, akarudi kwa washirika wake na aibu tele. Lakini vijana wa magenge nao waliiona picha ile. Mtu aliyetimuliwa na polisi walimhesabu kuwa mwenzao, wakamfungulia mlango ambao mchungaji mwenye heshima zake asingefunguliwa. Miongoni mwa magenge hayo lilikuwepo moja la Brooklyn lililojiita Mau Mau, kwa jina la wapiganaji wa Kenya. Mkuu wake alikuwa Nicky Cruz, kijana wa Puerto Rico aliyezaliwa katika nyumba ya waganga wa mizimu. Alitishia kumwua Wilkerson. Mwaka huohuo alipiga magoti, akampokea Kristo, na baadaye akawa mhubiri wa Injili duniani kote.

Mtoto wa nyumba ya uganga, mkuu wa genge, amekuwa mhubiri! Basi ni nani kati yetu atakayethubutu kusema kwamba mtoto wa Gamboshi hafikiki?

Kazi ya pangoni

Mnaniuliza, tukiitika tutafanya nini? Daudi anatufundisha.

Kwanza, keti nao. Daudi hakuwatumia watu wale mia nne salamu, aliishi nao. Kijana aliyevunjika haponi kwa semina ya siku moja yenye bango na soda. Nenda kijiweni bila kipaza sauti. Mjue kwa jina, mjue bibi yake, ujue pikipiki ni ya nani na anadaiwa kiasi gani. Habari za Yesu utamwambia, tena umwambie bila haya, maana ndizo zinazookoa. Lakini azisikie kwa mtu ambaye amekwisha kukaa naye juani.

Pili, mpe kazi ya heshima. Wasukuma, watu wa ng'ombe, sikilizeni habari ya 1 Samweli 25. Wachungaji wa tajiri Nabali wanatoa ushuhuda juu ya vijana wa Daudi: siku zote walizokuwa nao nyikani hawakupotewa na mnyama hata mmoja, kwa kuwa vijana wale waliwazunguka usiku na mchana wakiwalinda. Hao ni walewale wadaiwa wa pangoni! Ambao jana ungewafungia zizi, leo wanalinda zizi la jirani. Walikuwa wamepata mkuu, na wamepata kazi.

Kazi hizo zinawezekana hapa. Vijana wa Maswa walisimama wakatengeneza chaki, Meatu wakasindika maziwa, na nchi nzima ikasikia. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Kwa nini kijana wa kijiweni hazifikii? Kwa sababu hana kikundi, hana katiba, hajawahi kuandika andiko la mradi, na anaogopa hata kubisha hodi kwa afisa maendeleo ya jamii. Je, makanisani mwetu hatuna makatibu? Hatuna wahasibu? Hatuna walimu wastaafu? Keti nao Jumamosi uandike nao, Jumatatu ukawasindikize. Yuko binti aliyezaa akiwa shuleni: tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu kurudi darasani. Kinachomzuia sasa ni mtoto asiye na wa kumshika na midomo ya majirani inayomcheka. Akina mama wa kanisa, mshikeni mtoto! Wazee wa kanisa, inyamazisheni midomo! Na anayetaka ufundi, chuo cha maendeleo ya wananchi kipo Malampaka; mpelekeni mkono kwa mkono mpaka mlangoni.

Tatu, mlinde. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inamtaka kila anayejua kuwa mtoto anaumizwa atoe taarifa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Mchungaji, ukiletewa binti wa miaka kumi na tano umbariki kwa ndoa, kataa, hata kama baba yake ndiye mtoa zaka mkubwa kuliko wote. Mzee wa kanisa, kesi ya ubakaji isimalizwe kwa ng'ombe chini ya mti. Lipo dawati la jinsia na watoto polisi. Ipo namba 116 ya kumsaidia mtoto, nayo hupigwa bure. Hatuwezi kumhubiria binti upendo wa Mungu jioni baada ya kula ng'ombe wa mahari yake mchana.

Nne, nawe ukubali kuzuiwa. Nabali alipomtukana Daudi, mtiwa mafuta alijifunga upanga, akachukua mia nne wake, akaondoka kwenda kuangamiza nyumba nzima. Aliyemwokoa na dhambi hiyo ni mwanamke, Abigaili, aliyemkuta njiani akamwambia ukweli. Anayewaongoza vijana na hana wa kumwambia hapana, huyo ni hatari kuliko pombe. Kuanzia Aprili 2023 huko Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga kula hadi kufa kwa jina la Yesu, wakiwamo watoto wengi. Kwa hiyo nasema kwa nguvu zangu zote: usimfungie kijana ndani ukaita maombi. Usimchape ukaita ukombozi. Usimwachishe dawa za hospitali ukaita imani. Usikae faragha na binti wa mtu. Fedha ziandikwe, zisomwe mbele ya wote. Na akina mama wapewe sauti, maana mara nyingi Abigaili ndiye anayeliona shimo kabla yetu.

Tano, vumilia. Siku ile mji wao wa Siklagi ulipochomwa moto, walewale Daudi aliowapokea wakasema wampige kwa mawe. Naye akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Jiandae. Utamtoa kijana kwenye pombe, atarudi. Utamdhamini, atakuaibisha. Hakuna mkulima wa pamba katika Simiyu anayepalilia mara moja akalala hadi mavuno. Magugu yakirudi, anarudi na jembe. Mkumbuke Barnaba. Yohana Marko alikimbia kazi katikati ya safari, na Paulo hakutaka kumsikia tena. Barnaba akamchukua, hata ikambidi aachane na Paulo. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni anaandika kwamba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa huduma. Leo tuna Injili yenye jina la yule mtoro. Barnaba asingevumilia, tungeipata kwa nani?

Fungueni milango

Makanisa ya Simiyu, nina neno nanyi. Injili haikufika kwetu jana. Pale Nassa, katika Busega ya leo, kando ya ziwa, wamishenari wa Kianglikana walitangulia mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 Africa Inland Mission wakakipokea kituo hicho. Kutoka huko likakua kanisa tunaloliita leo AICT. Wakatoliki wakaja, Walutheri wakaja, Wapentekoste wakaja. Tumehubiriwa zaidi ya miaka 100. Leo ukipita barabara ya lami kutoka Lamadi hadi Maswa utahesabu makanisa mpaka uchoke. Mengi yamejengwa kwa sadaka za pamba, kwa jasho la wazazi wa vijana hawahawa. Nayo yamefungwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi!

Kijana anatafuta mahali pa kusomea jioni penye taa, kumbe kanisa lina taa na limefungwa. Binti anatafuta mahali pa kukimbilia usiku wanapotaka kumwoza, anakuta mbwa na mlinzi. Vyombo vya muziki vimefunikwa kitambaa, na kijana mwenye kipaji anapiga ndoo stendi. Ndugu zangu, fungueni! Tengeni chumba kimoja, watu wawili waaminifu wa kukisimamia, na bajeti ndogo isiyoguswa kwa ajili ya kitu kingine. Tunanunua viti vya plastiki kila mwaka kwa ajili ya wageni wa sherehe. Vijana wetu ni wageni wa nani?

Na wewe uliye pangoni

Kijana, ng'wanone, labda karatasi hii umeikuta imefungiwa maandazi. Isome. Sitakuficha: baadhi ya mambo uliyoyatenda ni dhambi, na dhambi huua. Lakini Yesu Kristo hakuja kuwaita waliojipanga. Alizaliwa mahali pa mifugo, alitembea na watu waliotengwa, alisulubiwa katikati ya wahalifu wawili, na mtu wa kwanza kuahidiwa pepo siku ile alikuwa mhalifu aliyekata roho kando yake. Damu yake inakutosha. Njoo kwake leo. Kisha amka ukafanye matunda ya toba: rudisha simu ya watu, mwambie mama ukweli, nenda hospitali ukasaidiwe kuacha unachokunywa au kuvuta, umtafute yule mcha Mungu unayemwamini umwambie akushike mkono.

Tena usijidharau. Soma 2 Samweli 23. Wako watu watatu waliomjia Daudi kwenye pango lilelile la Adulamu. Wakapenya kambi ya Wafilisti, wakateka maji katika kisima cha Bethlehemu, wakamletea, naye akayaona kuwa ya thamani mno kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana. Katika sura hiyo mashujaa wanaorodheshwa kwa majina, na wengine majina ya baba zao yameandikwa, hata vijiji walikotoka. Mungu anayeandika vijiji vya mashujaa anakijua na kijiji chako.

Kabla jua la leo halijatua

Wapendwa, sitaki mseme kwamba mmebarikiwa na neno hili. Nataka mtoke. Kabla jua la leo halijatua, kila mmoja achague kijana mmoja. Usichague kumi, hutawaweza. Mmoja, mwenye jina, anayeishi mahali unapofika kwa miguu. Mwombee kwa jina leo usiku. Kesho umtafute. Wiki ijayo umrudie, akikupokea asikupokee. Mwambie mchungaji wako ni nani, ili usiende peke yako. Na kama wewe ndiwe mchungaji, Jumapili ijayo usianze na matangazo ya harambee. Anza kwa kuuliza washirika wako: vijana mliopewa wako wapi?

Tuombe.

Ee Bwana, Mungu wa Daudi, wewe uliyewafanya wadaiwa kuwa mashujaa, utusamehe sisi tuliopita. Tumewaita wahuni watoto uliowafia. Tumekula ng'ombe wa mabinti zetu. Tumefunga milango ya nyumba yako. Utupe macho ya kuwaona, miguu ya kuwaendea, na moyo usiochoka wanapotuangusha. Uwainue wanaume na wanawake katika kila kata ya Simiyu, wawe wakuu kwa vijana wasio na mkuu, nawe uwe Mkuu juu yao wote. Utuinulie Abigaili wa kutuzuia na Barnaba wa kutuonyesha njia. Mikono ya vijana wetu uifundishe kulinda na kujenga. Bwana, usiseme na mwingine badala yetu. Sema nasi, nasi tutakwenda. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.